Kuuza nyumba yenye wapangaji: nyaya nazo zinauzwa
(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme juu ya parseli zinazouzwa wapangaji wakiwa ndani. Wengi wetu tulikimbia, nyumba ikabaki kwa jamaa ama kwa jirani, naye akapangisha chumba kwa chumba. Leo mwenyewe amerudi, anatafuta feza za kuanzia kazi, anauza. Ni haki yake. Shida iko kwenye umeme.

Nyumba iliyojengwa kwa familia moja, sasa familia nne ziko kwenye konta moja. Kila mtu ameongeza waya wake, amesokota viungo kwa mkono, amefunga na plastiki. Fuzibu ikiungua, wanaweka kipande cha shaba. Tuhesabu kidogo: resho ya wati 2,000 kwa voliti 220 inavuta kama ampea 9. Resho mbili na pasi ya wati 1,000 zikiwaka jioni moja, tayari ni karibu ampea 23. Waya wa milimita 1.5, ule wa taa, haubebi hiyo. Unapata moto juu ya plafo, watoto wamelala chini yake, na ile shaba haikati kitu.

Kuna wauzaji wanasema: "Mnunuzi atajijua." Hapana. Dekre ya 30 Julai 1888 juu ya kontra, ile ya zamani kabisa, inamtaka mwenye kupangisha atoe nyumba katika hali nzuri na aitunze hivyo muda wote mpangaji yuko ndani. Anajibu hata kwa kasoro ambayo hakuijua, kama inazuia nyumba kutumika. Kutafuta mnunuzi hakumtoi kwenye hiyo kazi. Na mbele ya mnunuzi pia muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichika. Aliyeijua akanyamaza anaweza kudaiwa fidia.

Mnunuzi naye asifikiri atafagia watu siku ya pili. Mpangaji mwenye kontra ya notere, ama yenye tarehe ya hakika, hafukuzwi kwa sababu tu nyumba imeuzwa, isipokuwa kontra yenyewe iliruhusu. Kwa hiyo ananunua nyumba, wapangaji na nyaya zao. Lakini tuseme ukweli: wapangaji wengi hapa kwetu wako na risi tu. Ndio hao hawathubutu kulalamika juu ya priza inayotoa moshi, juu wanaogopa kuambiwa watoke.

Ndiyo maana komite imeamua: hatutasimama tena mashahidi wa mauzo ya nyumba yenye wapangaji bila karatasi ya fundi wa umeme. Fundi huyo asiwe yule aliyefunga nyaya, maana hakuna anayejitia makosa mwenyewe. Afungue kisanduku, apime waya wa ardhini, aangalie kama kuna dijonkteri ya miliampea 30 inayokata mtu akiguswa na umeme, aingie kila chumba. Wapangaji waambiwe mapema, vyumba ni vyao. Karatasi iwe tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi, na moja isomwe mbele ya wapangaji, kwa Kiswahili.

Gharama ni ya muuzaji. Asiikate kwenye garanti ya mpangaji, wala asiongeze kodi kwa sababu hiyo. Asiyekuwa na feza aje kwa mweka hazina: kasha litamkopesha, naye atarudisha siku analipwa nyumba. Wafadhili wetu, tunajua mlichanga kwa ajili ya mabati na masomo ya watoto. Mkopo huu unarudi kashani, na tutauandika kwenye hesabu peke yake ili muuone.

Walio na nyumba sokoni sasa hivi, tayari tunajua ni wangapi, wabaki kidogo mkutano ukiisha.