Ahadi Zetu ni Somo la Watoto

(Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka)

Ndugu zetu wote wa kwetu, kuanzia Mikindani na Msimbati hadi Kilambo na Mahurunga:

Tumepewa dakika chache tuzungumzie maadili ya watoto wetu shuleni. Sisi wa kamati hii ni wahasibu, si walimu. Tutasema kwa lugha ya hesabu, mtuvumilie.

Somo lenyewe lipo. Wengi wetu tulisoma Siasa, halafu Uraia. Wadogo zetu wakasoma Uraia na Maadili, na mtaala wa mwaka 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Tatizo haliko kwenye daftari. Liko kati ya daftari na yale mtoto anayoyaona kwetu watu wazima.

Anasoma uaminifu asubuhi. Akirudi nyumbani msimu wa korosho anakuta mkulima anapunjwa kwa kipimo cha kangomba mchana kweupe. Anafundishwa kutunza bahari, na Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tunayo tangu mwaka 2000. Jioni samaki wa baruti yuko kikaangoni. Atashika somo lipi?

Walimu waliotufundisha sisi hawakuhubiri sana. Penseli iliyookotwa ilikaa juu ya meza ya mwalimu mpaka mwenyewe ajitokeze. Kiranja alihesabu majembe yakitoka na yakirudi. Likipungua moja, darasa zima tulilitafuta. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua mapato yatumikeje. Tabia hujengwa hapo, mtoto anapokabidhiwa kitu cha wenzake na kukitolea hesabu.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Mwaka juzi tulisimama mbele ya wanafunzi wa shule moja ya kwetu, tukaahidi madawati. Watoto walipiga makofi, wakatuimbia. Ahadi tuliziandika zote. Fedha haikufika hata nusu. Mwaka jana tuliporudi, binti mmoja wa darasa la nne alituuliza kwa adabu kabisa: "Shikamooni wajomba. Madawati yetu bado yako njiani?"

Neno mjomba kwetu lina uzito, mnajua wenyewe. Hatukuwa na jibu. Mwalimu akamwambia akakae. Akaenda kukaa, sakafuni.

Ndugu zetu, siku ile tulifundisha maadili, na tuliyafundisha vibaya. Watoto waliona kwamba mtu mzima anaweza kuahidi hadharani, akashangiliwa, akapanda gari akaondoka. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Na katika vitabu vya hesabu, deni halifutiki kwa kunyamaziwa.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo matatu. Kwanza, kuanzia mwaka huu hatutatangaza ahadi mbele ya watoto. Tutatangaza fedha iliyokwisha kuingia benki. Pili, fedha yoyote tutakayopeleka shuleni, mapato na matumizi yake yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa Kiswahili chepesi, mtoto wa darasa la tano aweze kujumlisha na kutoa mwenyewe. Akiona tumekosea, atuambie. Tatu, tunawaomba walimu wa shule zenye mikorosho, wakiona inafaa, wanafunzi wapime korosho wenyewe kwenye mizani, waandike kilo, na hesabu hiyo isomwe mstarini mbele ya wenzao. Mtoto aliyezoea mizani ya haki atakuwa mgumu kukubali kangomba ukubwani, awe muuzaji au mnunuzi.

Jambo la mwisho. Wenye ahadi za mwaka juzi, daftari liko mezani kwetu. Hatutasoma jina la mtu. Anayejijua aje amalize la zamani kabla ya kuahidi jipya. Hata kidogo kidogo tutapokea na risiti tutakata.

Safari ijayo binti yule akituuliza tena, tunataka tumjibu kwa kumwonyesha dawati lake.