Javel ndani ya maji ya ziwa: kutia, kungoja, kupima

Wamama na wababa wa Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, wengi wenu munatia javel katika maji ya kunywa, na ni vizuri. Wenye walikuwa Goma mwezi wa 7 mwaka 1994 wanakumbuka namna kolera iliua maelfu ya wakimbizi ku kingo za Kivu. Lakini je, munajua kama dawa ingali na nguvu wakati mutoto anakunywa?

Mufahamu hivi: javel inakula uchafu, na uchafu unakula javel. Kama maji iko na matope, dawa inaishia ku matope na mikrobu inabaki hai. Basi kwanza muache maji itulie, muichuje kwa kitambaa kinene na safi. Halafu, kwa bidoni ya litri 20, mutie matone 40 ya javel ya 5%, ni kusema mililitri 2 kwa siringi. Javel yenye marashi ao sabuni, hapana. Na ile iliyokaa juani siku nyingi, hata chupa iwe nzuri namna gani, nguvu yake imepungua.

Sasa kungoja. Dakika 30 zinatosha kwa maji safi ya chemchemi nyingi. Lakini maji ya Kivu na ya Tanganyika iko kama maji ya majivu: pH yake ni karibu 9. Pakiwa juu ya 8, javel inakuwa mvivu. Kwa maji ya ziwa mungoje saa nzima.

Kuna kisanduku kidogo ambacho wenye pisini wanapimia maji yao. Waganga pia wanakitumia. Kiko na vyumba viwili. Kwa kimoja munatia kidonge cha DPD: maji ikigeuka rangi ya waridi, kloro iko. Mulinganishe na rangi za kando. Kwa maji ya ziwa tunataka miligramu 0,4 mpaka 1 kwa litri. Kidonge cha fenoli nyekundu, kwa chumba cha pili, kinaonyesha pH. Maji hiyo ya kupimia muimwage, musiinywe.

Hamuna kisanduku? Munuse. Harufu kidogo ya javel ni alama nzuri. Kama hakuna kabisa, murudilie dozi mara moja, mungoje tena.

Wengine wanatia ndimu ndani ya bidoni ili harufu iishe. Hapana! Ndimu inaua kloro. Muikamulie ndani ya kopo tu, wakati wa kunywa. Na maji iliyolala paka kesho, muinuse upya mbele ya kumupa mutoto.