Jani Limekosa Nini?

Jumamosi asubuhi, msikilizaji, ukitoka Kamakis ukaingia mitaa ya ndani ya Ruiru kabla jua halijakolea, utapokewa na moshi. Si wa nyama choma, huo husubiri mchana. Huu ni moshi wa majani. Mikima, ile migrevilea mirefu ya kandokando ya ua, imepukutisha usiku kucha. Mjakaranda nao umemwaga maua yake. Mlinzi amefagia, amekusanya kila kitu pembeni mwa ukuta na kukitia kiberiti. Kufikia saa tatu uwanja ni mtupu, mwekundu, umebaki na michirizi ya fagio tu. Mwenye nyumba anatoka na kikombe chake cha chai, anatazama, anaridhika. Pamesafika.

Saa nne inaingia pikapu. Imebeba bunda la nailoni nyeusi na magunia ya mawe meupe. Hayo ndiyo matandazo ya bustani yake.

Naomba nikae kidogo kwenye muda huo, kati ya kiberiti na pikapu.

Matandazo, au malchi kama wakulima wengi wa huku wanavyosema, ni chochote kinachofunika udongo ili jua lisiunyonye maji, mvua isiuchape moja kwa moja, na magugu yakose mwanga. Nailoni inayaweza hayo, na sitaki kuidhulumu. Mkulima wa stroberi au wa pilipili hoho anayelaza mpira wa matone kwenye tuta na kulifunika kwa nailoni juu anajua anachofanya. Maji yake hayapotei, na tunda lake halilali topeni. Ujuzi wenyewe una historia inayowahusu watu wa Thika, mji wa mananasi. Ni huko Hawaii, katika mashamba ya miwa ya Olaa, mwaka 1914, ambapo Charles Eckart alianza kufunika ardhi kwa karatasi ili kuyashinda magugu. Wakulima wa mananasi wa visiwa hivyo wakaudaka ujuzi huo wakautumia kwa karatasi iliyopakwa lami. Plastiki ilikuja baadaye, ikaishinda karatasi kwa bei na kwa uimara.

Lakini mkulima ana msimu. Ukiisha, anaing'oa nailoni, analima upya. Bustani ya nyumbani haina siku ya kung'oa. Unatandika leo, na umetandika hadi mjukuu.

Nina jirani, mwalimu mstaafu, aliyetandika hivyo chini ya mawaridi yake. Mwaka wa kwanza ilikuwa picha. Watu walikuwa wakisimama langoni kupiga selfi. Mwaka wa pili, vumbi la barabara ya muramu na la nyumba zinazojengwa kila upande lilikuwa limejaza nafasi kati ya mawe, na mbegu za nyasi zikapata pa kulala. Zikaota juu ya nailoni. Kutoka chini ikaja ndago. Msikilizaji anayelima anaijua ndago: chipukizi lake lina ncha kama sindano, linatoboa nailoni kana kwamba ni karatasi ya kufungia mandazi. Sasa mwalimu ana magugu ya ghorofa mbili na hawezi kupalilia, maana jembe likishuka linagonga jiwe, lisipogonga jiwe linararua nailoni.

Siku moja akaniita tufunue pembe moja. Udongo ulikuwa umepauka, umeshikana, una harufu ya chumba kilichofungwa. Mizizi ya mawaridi ilikuwa imepanda juu, imejisokota chini ya nailoni kama nywele kwenye kichana, ikitafuta hewa na maji. Maana mvua ikinyesha kwenye nailoni isiyo na mpira wa matone chini yake, sehemu kubwa huteleza na kwenda zake kwenye mtaro. Mwalimu akachokonoa kwa kijiti, akachokonoa tena.

"Jirani," akaniambia, "humu hata nyungunyungu amehama."

Wapo wanaosema basi tuweke vibanzi vya mpira, matairi makuukuu yaliyosagwa na kupakwa rangi ya gome la mti. Marekani huuzwa kwa magunia, na sifa yake kuu ni kwamba haviozi. Nimeifikiria sana sifa hiyo. Tairi lina zinki, inayotiwa kiwandani kuupa mpira ugumu, na zinki hiyo huchujika polepole na maji ya mvua hadi kwenye udongo. Tena vibanzi hivyo vikishika moto, kuuzima ni kazi, kama anavyojua yeyote aliyewahi kupita karibu na tairi linalowaka barabarani. Huko Ulaya, sheria iliyopitishwa mwaka 2023 kuhusu chembe ndogo za plastiki imewapa wenye viwanja vya nyasi bandia hadi 2031, na baada ya hapo chembe za mpira za kujazia viwanja hivyo hazitauzwa tena. Sisi tairi kuukuu tulishalipatia kazi ya heshima zamani. Tunalivaa. Linaitwa akala.

Na kuna jambo la sheria yetu wenyewe ambalo hunichekesha, ingawa si la kuchekesha. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, ukipatikana na mfuko wa plastiki wa kubebea sukuma wiki unatishiwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mama mboga aliuacha mfuko ule, akahamia kwenye kiondo na magazeti. Lakini nailoni ya shambani si mfuko wa kubebea, marufuku haikuigusa. Mita 50 za nailoni juu ya udongo ni bustani, na kipande cha kufungia nyanya ni kesi.

Sasa turudi kwenye kiberiti.

Ukisimama Thika leo, umezungukwa na matandazo. Vinu vya kahawa hutoa maganda makavu, mepesi, yasiyo na harufu. Viwanda vya makadamia vina vifuu vigumu kama kokoto, ambavyo mara nyingi huishia kuwa kuni za tanuri. Maseremala wana maranda. Majani ya mikima yanakuja yenyewe, bila nauli. Na hapa Ruiru wapo watafiti wa kahawa, wale waliotupatia mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985. Katika taaluma yao, kutandaza mikahawa kwa nyasi ya nepia ni somo la miaka mingi. Hawakuimba sifa tupu. Walijua kwamba nepia ikizidi, udongo hujaa potasi, mkahawa ukashindwa kupata magnesi, majani yakageuka manjano. Ndiyo maana mashamba mengi yalitandaza safu moja na kuiacha inayofuata, kisha yakabadilishana mwaka mwingine. Huo ni ujuzi wa watu walioutazama udongo kwa subira.

Mitaa mingi mipya ya Ruiru imesimama juu ya udongo huo huo. Tatu City peke yake ni ekari 5,000, na pale palikuwa mashamba ya kahawa. Tingatinga linakuja, linakwangua udongo wa juu, linashindilia muramu. Baada ya nyumba kukamilika, mwenye ploti ananunua lori la udongo mwekundu kutoka kwingine, anaumwaga, anaufunika nailoni. Mkahawa uliong'olewa pale ulikuwa ukila vizuri kuliko waridi lililopandwa mahali pake.

Najua utakachoniambia: mchwa. Ni kweli. Ukitandaza maranda hadi kwenye ukuta wa nyumba, unamwalika mchwa mezani, na siku moja atakula fremu ya mlango. Acha nafasi tupu kando ya ukuta, tena weka mawe hapo ukipenda, hapo mawe yana kazi. Shina la mti nalo lisizikwe, liachie upana wa kiganja likauke. Kina cha vidole vinne kinatosha. Maganda ya kahawa hupeperuka kiangazi, yanyunyizie maji siku ya kwanza. Na maranda usiyachanganye na udongo, yatandaze juu tu, maana yakizikwa vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ya mmea wako. Hayo ndiyo matatizo ya matandazo haya, na yote dawa yake ni mkono na macho.

Linaloshinda mkono na macho ni neno. Katika mitaa yetu jani lililoanguka linaitwa takataka. Keateka ameambiwa hivyo, mlinzi ameambiwa hivyo, na mpangaji anayeacha majani chini ya mti wake hupigiwa simu. Nailoni, ambayo haitaoza hadi sote tuwe tumeoza, ndiyo inayoitwa usafi.

Mtu atasema ni mila, kwamba nyanya zetu walifagia uwanja hadi ukang'aa. Walifagia, nami nilifagishwa, mgongo wangu unakumbuka. Uwanja uliofagiwa ulimwonyesha nyoka na kuuzuia moto. Lakini nyanya hakuwa na kiberiti mwisho wa fagio. Majani yalikwenda zizini, ng'ombe akalalia, akakojolea, na baada ya miezi yakabebwa kwa karai hadi kwenye shina la mgomba. Fagio lilikuwa na njia yake, na njia ile ilikuwa duara. Sisi tumerithi fagio tukaisahau njia.

Mwalimu aliing'oa nailoni yake mwezi wa tisa, kabla ya mvua za vuli. Ilitoka vipande vipande, vingine vidogo kama ukucha, na bado anaviokota. Vijana wa taka walitazama lile rundo lenye tope wakasema hawabebi. Mpaka leo liko pembeni mwa ukuta, palepale alipokuwa akichomea majani. Mawe meupe ameyapanga kwenye kijia cha kwenda langoni. Bodaboda akamletea magunia matatu ya maganda ya kahawa kutoka Thika, nami nikamsaidia kuyamwaga.

Jumamosi iliyopita nilimkuta na fagio lake kama kawaida, saa moja na nusu asubuhi, mikima imemwaga. Hakukuwa na moshi. Alikuwa anafagia kuelekea kwenye mawaridi.