Wanyama na Msimu wa Njaa

(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kasulu)



Mmeniomba niseme machache juu ya wanyama wa pori wanavyovuka majira ya baridi katika nchi za theluji. Huenda wengine mkauliza: theluji inatuhusu nini sisi watu wa Kasulu na Kibondo, ambao baridi yetu ni ile ya asubuhi za Juni huko Heru Juu? Jibu ni kwamba mnyama katika theluji hapigani na baridi peke yake. Hupigana na njaa. Majani yamefunikwa, wadudu wametoweka, maji yameganda. Sisi nasi tunao msimu wetu wa njaa, yaani kiangazi. Mtihani ni mmoja, na majibu makubwa ni matatu: kulala, kuhama na kuweka akiba.

Kwanza, kulala. Huko Alaska yuko kindi wa ardhini anayelala shimoni miezi saba au zaidi. Joto la mwili wake hushuka hadi karibu nyuzi 3 chini ya sufuri, na damu yake haigandi. Kwa upande wetu yuko kamongo. Dimbwi likikauka, hujichimbia topeni, hujizungushia ute unaokauka kama mfuko, akavuta hewa kwa mapafu na kungoja mvua.

Pili, kuhama. Korongo weupe huzaliana Ulaya. Baridi inapokaribia, wengi wao hupita Bosphorus na bonde la Nile wakaja Afrika Mashariki na Kusini, ambako hula nzige na viwavijeshi. Hali kadhalika, nyati na nyamera wa Moyowosi huteremka kufuata maji na majani mabichi kadiri kiangazi kinavyozidi.

Tatu, akiba. Nyuki wa Ulaya hukusanyika kama mpira ndani ya mzinga, wakatikisa misuli ya mabawa bila kuruka, wapate joto. Kuni zao ni asali. Nyuki wetu wa miombo naye huweka asali kwa siku zisizo na maua. Akinyang'anywa yote, hufa njaa au huhama mzinga. Wahenga walisema akiba haiozi.

Ndugu zangu, maarifa yote hayo hayafai kitu kama pa kukimbilia hapapo. Ghala la kiangazi la wanyama wetu ni mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi. Mwaka 2000 ardhi oevu hiyo, yenye hekta zipatazo milioni 3.25, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, nami najua kwamba waraka hauzimi moto. Wanaochoma pori si watu wa mbali. Ni kaka zetu na wajomba zetu, na sababu wanazo: wanatafuta majani mapya ya ng'ombe, wanasafisha shamba, wanarina asali kwa mienge.

Kwa hiyo, tunaporudi vijijini, tusiende kuwagombeza. Tuzungumze nao mambo matatu. Ikiwa ni lazima kuchoma, kuchomwe mapema, nyasi zingali na unyevu, kwani moto wa Septemba ni mkali zaidi na huua hata miche ya miti. Anayerina asali awaachie nyuki masega ya kuwatosha. Na jembe lisifike ukingoni mwa maji.

Kindi wa Alaska hana wa kumsemea kwetu, wala hahitaji. Kamongo na nyuki wa Buha wanatuhitaji sisi, maana shoka, jembe na kiberiti viko mikononi mwetu.