Safari ya Mbwa Huanza na Chanjo

Msikilizaji wetu wa Mwingi, wa Wote, wa Kibwezi, leo nazungumza nawe uliyepata kazi au masomo Ulaya, na moyo wako unakataa kumwacha mbwa au paka wako nyuma.

Safari yake huanzia kwa daktari wa mifugo, na hatua zake zina mpangilio. Kwanza huwekwa chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, yenye tarakimu 15. Hicho ndicho kitambulisho chake. Kisha hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa, akiwa ametimiza wiki 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, itabidi arudie. Zikipita siku 30, hutolewa damu ikapimwe kinga katika maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Kinga ikitosha, mnasubiri miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Uingereza nayo hudai hayo hayo. Kwa hiyo, jipe nusu mwaka.

Mbona masharti mengi hivyo? Ni kwa sababu kichaa cha mbwa, ugonjwa uliothibitishwa Kenya tangu 1912, bado tunao, na dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mtu kupona. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kuutokomeza ifikapo 2030 ulizitaja Kitui na Makueni miongoni mwa kaunti za kuanzia. Lengo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka.

Siku ya chanjo utamwona mtoto amembana mbwa wake kwa magoti, kamba ya katani mkononi. Daktari anafungua kasha la barafu, anadunga, anaandika kadi. Mbwa yule hatapanda ndege. Atarudi kulinda mbuzi na kulala mlangoni pa watoto, naye anaihitaji chanjo ile kama wako wa kwenda Ulaya.

Basi unapompeleka wako, mpitie jirani aje na wake, paka pia. Na mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Wewe utasafiri salama; nasi tunaobaki tubaki salama.