HADITHI YA UKEREWE ISIYO NA MAJEMADARI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mwanza)



Katika mkutano uliopita mmoja wetu, ambaye namheshimu sana, alitusimulia hadithi ya Wachina iitwayo Falme Tatu, iliyotungwa na Luo Guanzhong. Alitueleza jinsi waasi wenye vilemba vya manjano walivyoinuka mwaka 184, jinsi ufalme wa Han ulivyovunjika, na jinsi majemadari walivyogombea nchi hata mwaka 280, ilipounganishwa tena chini ya mfalme mmoja. Sote tulisikiliza kwa furaha, na chai ikapoa mezani. Lakini alipokuwa akiketi alisema neno moja lililonifuata mpaka nyumbani. Alisema ya kuwa sisi watu wa Ziwa hatuna hadithi ya habari za kale ya namna ile, kwa maana kitabu cha Bwana Aniceti Kitereza wa Ukerewe hakina vita wala wafalme. Kina pombe ya ndizi na maneno ya wakwe, basi. Bwana Rais amenipa ruhusa nijibu.

Kwanza nakubali. Kitabu kile, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, hakina jemadari hata mmoja. Walakini si kwa sababu Ukerewe ilikosa misukosuko. Pembe za ndovu za nchi zile zilivuka maji zikaenda Unyamwezi hata pwani, na pamoja na biashara yakaja maradhi na watu kushukiana uchawi. Bwana Gerald Hartwig ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976. Mwaka 1875 Stanley alimwendea Lukonge, mtawala wa Ukerewe, kumwomba mitumbwi ya kuwavusha watu wake kwenda Buganda. Desemba 1877 wamisionari wawili Waingereza, Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani pamoja na mfanya biashara Songoro, kwa ajili ya ugomvi wa Songoro na Lukonge. Mwaka 1895 Wajerumani wakamwondoa Lukonge katika utawala.

Sasa angalieni tarehe. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, naye alikuwa mjukuu wa Machunda, aliyetawala kabla ya Lukonge. Yaani alizaliwa katika nyumba ambayo boriti zake zilikuwa zimeanguka jana yake. Kama angalitaka kuandika habari za viti vya enzi na damu, hakuwa na haja ya kusafiri. Angaliwauliza wazee wa ukoo wake jioni, wakiota moto.

Hakufanya hivyo. Alisoma seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajua Kilatini na Kijerumani na lugha nyingine, akatumika kwa wafanya biashara, kisha akarudi kufanya kazi katika misheni ya Kagunguli. Hapo, wakati dunia nzima inapigana, aliandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa sana, akakimaliza mwaka 1945. Habari zake ni za zamani, Wazungu wasijafika. Ameandika jinsi mtu anavyokwenda ukweni na jinsi anavyopokelewa, jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa tangu kuvundika hata kunywewa, na uvuvi, na uwindaji wa kiboko, na dawa za waganga, na maneno ya kumwamkia mtu kwa kadiri ya umri wake. Nusura nikiri kwamba mara ya kwanza niliruka kurasa za pombe. Mara ya pili nilizisoma polepole, maana niligundua ya kuwa mimi, mtu wa Ziwa, sikuweza kumweleza mtu kazi ile kwa maneno kumi yaliyo sawasawa.

Na kiini chake ni nini? Mume na mke wanapendana na hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke, na wazazi wake wakisikia wanamchukua binti yao. Myombekere hapigi kelele wala haoi mwingine mahali pake. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba mkewe, anatozwa pombe, naye asiye na mke nyumbani anahangaika kuitafuta na kuipeleka. Ndipo anapewa Bugonoka, na wawili hao wanaanza kutafuta tiba.

Mabwana, si desturi yangu kuleta mambo ya nyumbani kwangu katika mikutano. Lakini mimi na mke wangu tulikaa miaka saba pasipo mtoto, na shangazi zangu walisema waliyoyasema, na siku moja nilirudi kazini nikakuta nyumba imefagiwa na sanduku lake halipo. Nalikuwa na cheti cha shule ya misheni, nalijua kuandika barua kwa Kiingereza na Kiswahili. Nikaandika barua kwa baba mkwe, nzuri, yenye aya tatu. Hakuijibu. Mzee mmoja jirani ndiye aliyeniambia, ‘Mwanangu, kwa baba mkwe hupeleki karatasi, unapeleka miguu yako.’ Nikaenda. Nilikaa mlangoni nikangoja mpaka jioni kabla ya mtu kuniuliza nimekuja na neno gani. Baadaye niliposoma habari za Myombekere, nilifunga kitabu kidogo nikatoka nje.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba mambo ya wakwe si habari za kale. Falme za Han zimekwisha, na Lukonge ameondoka. Bali ile sheria ya mlangoni pa baba mkwe ilipita katikati ya hayo yote. Kitereza aliona ya kuwa utawala ukianguka, wako wengi watakaouandika. Tena Wazungu walikwisha kuandika habari za Lukonge, kwa namna yao. Nani angaliandika habari za Bugonoka?

Na ndugu yetu akipenda Wachina, ninaye Mchina wangu pia. Cao Xueqin, mtungaji wa Ndoto ya Jumba Jekundu, alikuwa mtu wa jamaa kubwa. Babu yake aliangalia viwanda vya hariri vya mfalme mjini Nanjing, mtumishi wa serikali kama sisi, ila mshahara wake ulikuwa mnono zaidi. Mwaka 1728 mali ya jamaa ile ilinyang'anywa kwa amri ya mfalme. Mjukuu alipokua hakuandika vita. Aliandika jumba moja: chakula chake, nguo zake, wagonjwa wake, na mabibi wakisemezana. Akafariki yapata mwaka 1763, na kitabu hakikupigwa chapa mpaka 1791. Nadhani yeye na Kitereza wangaliketi mkeka mmoja wakaelewana.

Lipo moja ninalomlaumu mzee wetu. Ukali wa watawala wa kale, na hali ya watumwa waliokuwako, vimepita katika kitabu kama kivuli cha ndege. Ningalifurahi kama angalitupa hata sura moja, kwa maana yeye alikuwa mtu wa ukoo ule na angalijua la kusema. Pengine heshima ya ukoo ilimzuia. Sisi tunaoshika mafaili twajua vema karatasi isiyotiwa katika faili.

Yaliyokipata kitabu chenyewe ni kisa kingine. Padre Almas Simard, aliyemtia moyo, aliyachukua maandiko mpaka Kanada ili yafasiriwe kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kazi kutimia. Mwishoni mwa miaka ya sitini Bwana Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe wakajuana na mzee. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kupiga chapa kitabu cha Kikerewe, yeye mwenyewe katika uzee wake akakigeuza chote kwa Kiswahili, kurasa zaidi ya 600. Kampuni ya uchapishaji ya Dar es Salaam, Tanzania Publishing House, ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 tangu alipoweka kalamu chini. Na wajua kilipigwa chapa wapi? Uchina. Nakala zilikuja kwa merikebu, na zilipofika Kitereza alikuwa amekwisha kufariki, mwezi wa Aprili 1981. Hakukishika mkononi. Yeye na mkewe Anna walizaa watoto, na wote walikufa wangali wadogo. Msomaji ajuaye hayo husoma sala za Bugonoka kwa namna nyingine. Mwaka 2002 Bwana Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza.

Nakala yangu naiacha leo kwa Bwana Katibu, aitie katika daftari la kuazima. Namwomba ndugu yetu wa Falme Tatu awe wa kwanza kutia sahihi. Jalada limelegea, na ukurasa mmoja una doa la chai. Doa hilo ni la mke wangu, ambaye alikisoma kabla yangu na hakuruka kitu.