Chuma cha Pili: Nani Atakiinua?

Hotuba kwa vikundi vya mazoezi vya mitaani, iliyoandaliwa na Idara ya Vijana na Michezo



Mazoezi ya vyuma siku hizi hayafanyiki katika kumbi za kulipia pekee. Hufanyika uani, barazani, au katika chumba kimoja cha kumi kwa kumi ambacho mwenye nyumba amekubali kitumike. Majirani huanza na paipu ya maji na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Baadaye huja benchi la kuchomelewa, kisha stendi, na hatimaye, baada ya miezi ya kuchanga kidogo kidogo, chuma cha dukani pamoja na sahani zake za uzito.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti jukumu la michezo na vifaa vya michezo. Hata hivyo, mahali mkazi anapofanyia mazoezi kila siku ni pale karibu na mlango wake. Ndiyo maana maamuzi ya vikundi hivi yana uzito, na uamuzi unaozua ubishi mwingi kuliko yote ni huu: pesa za chuma cha pili zikipatikana, kinunuliwe kipi?

Tuseme kuna kikundi cha majirani wanane. Watatu ni wanaume waliozoea vyuma, watatu ni wanawake walioanza mwaka huu, na wawili ni vijana wa miaka 16. Kila mmoja hutoa mchango sawa kwa mwezi. Kikundi kina chuma kimoja cha kilo 20. Wanaume wanataka cha pili kiwe kinene na kigumu zaidi, ili waongeze sahani. Kijana mmoja anataka kile kilichopinda, cha kukunjia mikono. Wanawake hawasemi kitu mkutanoni, lakini wawili kati yao wameanza kukosa kufika.

Kabla ya kutazama bei, kikundi kama hicho kinapaswa kujiuliza kwa nini hao wawili hawafiki. Jibu linaweza kuwa kwenye chuma chenyewe. Chuma cha kilo 20 hakipunguziki. Kikiwa kitupu, bila sahani hata moja, tayari ni kilo 20. Mtu anayeanza, ambaye akilala benchini uwezo wake ni kusukuma kilo 15, hana pa kuanzia. Mwezi hadi mwezi analipa sawa na wengine, na kwa kweli analipia mazoezi ya wenzake.

Vyuma vya mashindano vilitenganishwa kwa sababu hiyo hiyo. Chuma cha wanaume katika mashindano ya kunyanyua uzani kina kilo 20, urefu wa mita 2.20 na unene wa milimita 28 mahali pa kushikia. Cha wanawake kina kilo 15, urefu wa mita 2.01 na unene wa milimita 25. Unene huo mdogo haukuwekwa kwa urembo. Mkono mdogo unazunguka chuma vizuri zaidi, na mshiko unapokuwa imara, chuma hakitelezi. Wavulana wanaoanza nao hunufaika nacho. Ni chuma cha mkono mdogo na uzito mdogo, yeyote awe mwenye mkono huo.

Vyuma vingine pia vina kazi zake. Kile kigumu cha kuinua uzito mkubwa sana hufaa kikundi ambacho watu wake wanafikia uzito huo. Chuma cha kawaida kilicho kizuri hupinda kidogo chini ya mzigo na kurudi, na kwa mkazi wa kawaida hilo si kasoro. Chuma kilichopinda huwapunguzia wenye viwiko na vifundo vya mikono vinavyouma, lakini ni cha mikono zaidi. Hakifai kuwekwa mabegani kwa kuchuchumaa. Kipo pia kile chenye umbo la pembe sita, ambacho mtu husimama ndani yake na kuinua uzito ulio ubavuni badala ya mbele ya miguu. Wengi hukiona ni chepesi kujifunza, na mgongo hauinami sana. Lakini hakilaliwi benchini. Kwa kikundi chenye pesa za chuma kimoja tu, cha kilo 15 ndicho hufanya kazi nyingi zaidi kwa watu wengi zaidi.

Hapo wazoefu wanaweza kulalamika kwamba wao ndio walioanzisha kikundi. Ni kweli, na heshima yao ibaki. Lakini kikija cha kilo 15, wao pia wanapata: kile cha kilo 20 hakitavuliwa sahani kila dakika ili mwanafunzi ajaribu, na foleni yao inapungua.

Baada ya kuamua aina, yako mambo manne ya kupima.

La kwanza ni tundu la sahani. Vyuma vya aina ya mashindano vina miisho ya milimita 50. Vyuma vingi vya bei nafuu vina miisho ya takriban milimita 25. Sahani ya tundu dogo haiingii kwenye mwisho mnene, na sahani ya tundu kubwa hucheza na kuyumba kwenye mwisho mwembamba. Anayekwenda dukani aende na rula na sahani moja ya kikundi. Chuma kisichovaa sahani zilizopo ni mwanzo wa mchango mwingine.

La pili ni stendi. Vyuma vyote viwili vya mashindano, cha kilo 20 na cha kilo 15, vina nafasi ya sentimita 131 katikati ya miisho yake, hivyo stendi iliyotengenezwa kwa kimoja hupokea kingine. Vile vifupi vya madukani huenda visifike kwenye nguzo zote mbili. Stendi ya fundi wa mtaani ipimwe upana wake kabla ya kununua.

La tatu ni chumba. Chumba cha kumi kwa kumi kina upana wa karibu mita 3.05. Chuma cha mita 2.20 kikiwekwa katikati huacha takriban sentimita 42 kila upande. Cha mita 2.01 huacha sentimita 52. Sentimita hizo kumi ndizo za kumwezesha mtu kupita na sahani mkononi bila kukwaruza ukuta au kumgonga mwenzake.

La nne ni sahani zenyewe. Vyuma viwili na seti moja ya sahani ni foleni ile ile ya zamani. Sehemu ya pesa itengwe kwa sahani ndogo, za kilo 1.25 na 2.5, maana anayeanza huongeza kidogo kidogo. Kilo tano kwa mpigo ni kitu kidogo kwa mzoefu, lakini kwa anayeinua 20 ni robo nzima ya mzigo wake.

Chuma kikiwa mkononi kikaguliwe. Kibingirishwe kwenye sakafu iliyo sawa, kikirukaruka, kimepinda. Miisho yake izungushwe kwa mkono. Inapaswa kuzunguka bila kukwama. Sehemu ya kushikia iguswe: mikwaruzo iwe ya kushika, isiwe ya kuchana ngozi. Kipimwe kwenye mizani, kwa sababu kilichoandikwa kilo 15 si lazima kiwe kilo 15. Muuzaji aulizwe kinabeba uzito gani, na jibu liandikwe kwenye risiti. Paipu ya maji iliyochomelewa isipewe mzigo wa kulalia benchini, kwa kuwa inaweza kupinda au kukatika pale pale ilipochomelewa, nayo iko juu ya kifua cha mtu. Rahisi ni ghali, na hapa ghali yenyewe ni mbavu.

Vyuma viwili vikishakaa pamoja, huja kosa jipya. Mtu anaokota kimoja akidhani ni kingine. Sahani za kilo 10 kila upande hufanya 40 kwenye kimoja na 35 kwenye kingine. Katika mashindano, cha wanaume hutiwa alama ya buluu na cha wanawake alama ya manjano. Mkebe mdogo wa rangi unatosha kufanya vivyo hivyo uani.

Hewa ya chumvi ya Pwani nayo haina huruma na chuma. Baada ya mazoezi, jasho lifutwe kwa kitambaa kikavu. Kila wiki vumbi na chaki visuguliwe kwa brashi, kisha apakwe mafuta mepesi, hata yale ya cherehani, na kufutwa yasiache utelezi. Kisilazwe sakafuni wala chini ya bati linalovuja.

Usalama haubadiliki kwa wingi wa vifaa. Asilale mtu benchini na mzigo bila mwenzake kusimama kichwani pake. Vijana wafundishwe kwanza na chuma kitupu. Nao wakazi wenye ulemavu wasihesabiwe kuwa watazamaji: Hellen Wawira Kariuki wa Kenya alishinda medali ya shaba ya kuinua uzani kwa wenye ulemavu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, na mchezo huo wote huchezwa mtu akiwa amelala benchini. Benchi pana na njia ya kupita kiti cha magurudumu ni mambo ya kupangwa mapema.

Mwisho ni daftari. Iandikwe nani alichanga kiasi gani, chuma ni cha nani, na anayehama hurudishiwa nini. Vikundi vinavyotaka kujisajili vifike kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, ambako watapata maelezo kuhusu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022.

Katika mkutano ujao wa kikundi kama kile cha majirani wanane, kabla ya kura kupigwa, waulizwe kwanza wale wasiosema. Kila mmoja ataje uzito anaoweza kuinua leo. Hesabu hiyo ikishaandikwa ukutani, chuma cha kununua kitajulikana bila ubishi mwingi, na wale wawili walioacha kuja watakuwa na sababu ya kurudi.